Kwa unayeanza kukusanya betri chakavu

Ukitokea kwenye usambazaji wa kawaida, utadhani kazi hii ni safari ileile iliyogeuzwa. Sivyo. Anayepeleka betri mpya anajua duka gani limeagiza ngapi. Wewe hujui gari la nani litagoma kuwaka kesho. Mzigo wako umetawanyika, moja hapa, mbili pale, na anayeushika wa kwanza ni fundi wa gereji. Mjue huyo kabla hujawaza lori.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anamfuata akiwa na mizani na hela mkononi. Ukimwendea na fomu na ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, umeshakosa. Lipa papo hapo, mhasibu anune akitaka.

Halafu kuna bei, na hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, ile metali nzito, na hiyo ndiyo inayotafutwa. Kwa hiyo wapo wanunuzi wanaolipa vizuri kilo ya betri kavu na kuibana yenye maji. Fundi si mjinga: anafungua vifuniko, anaipindua nyuma ya gereji, maji yanaingia mtaroni. Maji hayo ni tindikali yenye risasi ndani yake. Bango la kukataza halitamzuia. Panga bei ambayo kuileta betri na maji yake hakumtii hasara, na iliyomwagwa isipate nyongeza hata senti.

Ukipokea betri, inyanyue kwanza. Ikiwa nyepesi kuliko umbo lake, ama imemwagwa, ama ni ya lithiamu iliyowekwa kwenye kasha linalofanana na la risasi. Siku hizi za namna hiyo zipo nyingi, hasa za sola. Soma lebo, itenge. Lithiamu ikipenya hadi kwenye mashine ya kusaga au tanuru, inaweza kulipuka.

Lori lililoshusha betri mpya dukani hurudi tupu. Hilo ndilo usafiri wako wa bei nafuu. Zipange zikiwa wima, kadibodi kati ya safu na safu, vichwa vya chanya na hasi vimefunikwa. Spana moja ikigusa vichwa viwili, cheche hizo. Na usishangae gari kufikia kikomo cha uzito huku nusu ya bodi ikiwa wazi.

Karatasi nazo zianze mapema. Tanzania betri hizi ni taka hatarishi, kwa hiyo utahitaji vibali vya mamlaka za mazingira. Zikivuka mpaka unaingia kwenye Mkataba wa Basel wa 1989, ule wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi, unaodai ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea.

Mwisho, ujue zinakoishia. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ubavuni mwa nyumba za watu, na damu za watoto zikakutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo na mwanawe akaathirika, aliongoza mapambano. Kilifungwa 2014, na 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo, kabla ya kumuuzia mtu, nenda kiwandani kwake. Uliza tindikali inapelekwa wapi, moshi unachujwaje, na nguo za wafanyakazi zinafuliwa kiwandani au nyumbani. Wakikuzuia getini, tafuta mnunuzi mwingine.