Uliza Tujibu: Kwani lazima wote waende Joni (Johannesburg)?

SWALI: Wahariri mambo vipi. Mi nauliza hawa Wazimbabwe, Wamalawi na watu wa Msumbiji wanaokimbilia Afrika Kusini, hii ilianza lini? Na kuna jamaa kaniambia eti Wazimbabwe viza hawaombi, sasa mbona wanafukuzwa?

JIBU: Poa ndugu. Hilo neno "kukimbilia" tuliweke pembeni kwanza, maana mwanzoni hakuna aliyekimbilia, walifuatwa majumbani kwao. Dhahabu ilipoonekana Witwatersrand, eneo la Johannesburg, 1886 wenye migodi walitaka watu wengi kwa mshahara kiduchu, wenyeji hawakutosha na wengine huo mshahara hawakuutaka, basi mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakaunda chombo chao cha kukusanya vibarua, WNLA, watu wakakiita Wenela (wazee wa Mbeya nao wanalijua hilo jina). Mtu anachukuliwa kijijini Msumbiji au Nyasaland (Malawi ya leo), anawekwa kwenye mkataba, anaenda kulala kompaundi (mabweni ya mgodini), mke na watoto wanabaki, mkataba ukiisha anarudishwa. Yaani kuhamia kabisa hawakutaka ahamie, walitaka mikono yake tu.

Msumbiji ndo ilikuwa balaa. Sehemu ya mshahara ilizuiwa ili mchimbaji alipwe akirudi kwao, na serikali ya Mreno ikawa inapokea thamani yake kwa dhahabu kwa bei rasmi, halafu ikiuza bei ya soko chenji inayobaki ni yake. Jamaa yuko chini ya ardhi anakohoa vumbi, faida inahesabiwa Lisbon!

Malawi nako, Aprili 1974 ndege ya Wenela ilianguka Francistown, Botswana, watu 78 wakafa, kisa ilijazwa mafuta siyo. Rais Banda akasimamisha uajiri wakati huo Wamalawi migodini ni zaidi ya laki moja. Migodi ikaanza kuchukua wenyeji wengi zaidi, ila njia watu walishaizoea, wakaendelea kwenda kivyao. Wamalawi wana neno kabisa, mchona, yule aliyeenda akapotelea hukohuko, barua hakuna, hela hakuna.

Zimbabwe ni stori nyingine. Wimbi kubwa lilikuja baada ya 2000 uchumi ulipoanza kuporomoka, na kufika 2008 hela ya noti za mabilioni hainunui kitu, hapo waliondoka hadi walimu na manesi, na wanawake wengi tu. Wenye pasi wanapita kituo cha mpakani cha Beitbridge, wasio nayo wanavuka mto Limpopo kwa miguu, na huko porini kuna magumaguma wanaokaba watu. Vyakula na blanketi za kurudisha nyumbani wanapewa malayitsha, hao wenye magari ya mizigo, ambao wakati mwingine hubeba hata watoto.

Sasa viza. Mwenzio hajakudanganya, tangu 2009 Mzimbabwe anaingia bila viza kwa siku hadi 90, lakini hizo ni za kutembea, kazi hairuhusiwi. Kuna kibali maalum walichopewa kama 178,000 hivi, kinaongezwa muda kidogokidogo, mtu ana miaka kumi na kitu pale, watoto wako shule, bado anasubiri tangazo. Wengine wengi wako gizani, na mambo yakichafuka wanaanziwa wao. Mei 2008, kwenye vurugu za kuwashambulia wageni, waliuawa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini hapohapo! Ili kumjua mgeni, wahuni walikuwa wanamuuliza mtu kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, sasa Mvenda au Mtsonga, ambao ni makabila ya hapohapo Afrika Kusini, atajulia wapi?

SWALI: Kwani SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, si walisema mipaka itafunguliwa?

JIBU: Walisaini itifaki (makubaliano) ya kurahisisha watu kuvuka mipaka 2005, nchi zilizoiridhia hazikutosha, ikabaki kabatini. Wanaoelewana wanamalizana wawiliwawili, kama Botswana na Namibia, tangu 2023 raia wao wanavuka kwa kitambulisho tu.