Mkono Haukusikii, Pumzi Inakusikia

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Chake Chake. Anapiga fidla, yumo kwenye kikundi cha taarab, na kila akipewa taksimu, kipande cha kupiga peke yake kwa kubuni, mbele za watu mkono unaosugua uta kwenye nyuzi unamtetemeka. "Maalim," kaandika, "nyumbani napiga vizuri kabisa. Nifanyeje niutawale mkono wangu?" Nimeusoma mara tatu, kwa sababu yule ndiye mimi wa miaka 11 nyuma. Na kwa sababu juzi Ijumaa, kwenye harusi Kiembesamaki, huku kwetu Unguja, nimepiga taksimu yangu mwanzo mpaka mwisho, uta haukuruka hata mara moja. Alhamdulillahi. Sioni haya kusema kuwa nimefurahi.

Nianze na siku ile mbaya. Idd pili, ukumbi umejaa, kinamama wamekaa mbele na udi unafuka. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, ikamaliza, zamu ikawa yangu. Sauti ya kwanza ilikuwa ndefu, ya taratibu, na hapo ndipo fidla inapomuumbua mtu: uta ukienda mbio mtetemo haujulikani, ukienda polepole kila mtikisiko unasikika. Nikaziona nywele za uta zinadundadunda juu ya uzi kama rasharasha juu ya bati. Nikaukaza mkono. Ukazidi. Nikauambia kimoyomoyo, tulia, tulia. Ukazidi tena. Vidole vya kushoto vikateleza kwa jasho. Mwimbaji akaingia kabla ya wakati wake ili anisitiri, Mungu ampe kheri.

Tulipotoka, kiongozi wetu alisema mbele ya wenzangu wote, "Mkono huo ukalime." Nikarejeshwa nyuma, halafu siku moja nikafika mazoezini nikakuta kiti changu kina mtu. Maneno yale nayasikia mpaka leo.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Matendo ya hiari na yasiyo ya hiari nayafundisha kila mwaka, na bado mkono wangu mwenyewe ulinishinda.

Jawabu nililipata darasani. Nilikuwa na mwanafunzi anayechezesha masikio, wenzake wote wakawa wanajaribu, wamekunja nyuso, masikio hayaendi. Misuli ile tunayo sote, wengi hatujui kuiagiza tu. Nikawaambia waachane na masikio, kila mmoja amtazame jirani yake mboni ya jicho. "Iambieni isinyae." Wapi! "Haya, mgeukieni dirishani." Jua la saa nne likaingia machoni, na mboni zote zikanywea pale pale. Mimi nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Mboni haiamrishwi, lakini ina kitu inachokitii, na kitu hicho unaweza kukiendea kwa hiari yako.

Basi ndiyo hivyo kijana wangu. Mikono ya binadamu hutetemeka hata akiwa ametulia, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kidogo mno hata jicho halioni. Ukiingiwa na hofu, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, kemikali ya hofu, na mtetemo ule ule mdogo unakuzwa. Ukiukaza mkono unauongeza. Ukiukemea, hofu inazidi na adrenalini nayo inazidi. Unazima moto kwa mafuta ya taa.

Mkono una cha kutii, nacho ni pumzi. Pumzi ina wenyewe wawili: ukilala inajiendesha, ukiamka unaweza kuishika wewe. Si kwa muda mrefu, maana hewa chafu ikijaa damuni kifua kitapumua upende usipende, lakini muda ule unatosha. Ukivuta pumzi moyo huongeza mbio kidogo, ukiitoa hupunguza, kwa sababu ya neva ya vagasi, breki ya moyo. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akaisisimua vagasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha maji yaliyouzunguka akauwekea wa pili. Na wa pili nao ukapunguza, maana vagasi ilikuwa imemwaga kemikali yake ya kutuliza ndani ya maji yale. Kila nikilisomesha somo hili nasema Subhanallah.

Moyo ukitulia hofu inapungua, na mkono nao unatulia. Kwa hiyo: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tano kabla hujaitwa. Na ukiwa unapiga, toa pumzi uta unapoanza kwenda. Sina siri nyingine. Toa pumzi.

Kuna wenzetu wanaomeza vidonge vya presha vya wazee wao ili mkono utulie. Usithubutu. Baadhi ya dawa hizo humbana kifua mwenye pumu, na wapo wenye pumu wasiojijua. Vijana wa siku hizi tunataka kila kitu kije leo. Mwili ni amana. Moyo umekupigia tangu hujazaliwa, hukuuomba, halafu siku moja ukienda mbio unautukana! Uheshimu, uupe kile wenyewe unachokitaka.

Yule kiongozi alikuwepo Kiembesamaki, mstari wa pili. Tulipomaliza alikuja kunipa mkono, nami nikampa wangu. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Nakuachia zoezi lililonisaidia kuliko yote. Nakaa maghorofa ya Michenzani, ghorofa ya nne. Miaka miwili nilikuwa napanda ngazi mbio, naingia ndani, nashika fidla kabla moyo haujatulia. Kwenu Pemba vilima havikosekani. Panda mbio mpaka moyo ugonge mbavu, kisha shika uta, toa pumzi, upige sauti moja tu ndefu, ya taratibu. Irekodi, unitumie niisikilize.