Faili Zimefika, Ruhusa Zimegoma: Maswali na Majibu Kuhusu Seva za Unix

Swali: Kila nikituma faili kwa scp (amri ya kunakili faili kupitia ssh) kwenda /var/www/tovuti kwenye seva ya pili, nenosiri linakubaliwa, halafu naambiwa "Permission denied". Rafiki amenishauri nitumie chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu). Nimsikilize?

Jibu: Hapana. Nenosiri likishakubaliwa, ssh, inayokuunganisha na seva, imemaliza kazi yake ya kukutambua. Anayekukatalia ni mfumo wa faili wa seva inayopokea. Ingia kwenye seva hiyo kwa jina lile lile unalotumia kwenye scp. Andika `id` uone vikundi vyako, kisha, kama ni Linux:

`namei -l /var/www/tovuti`

Utaonyeshwa mmiliki, kikundi na ruhusa za kila saraka kuanzia / hadi mwisho wa njia. Wengi hukagua saraka ya mwisho tu, na hapo ndipo wanapopoteza muda. Ili upite unahitaji x (ruhusa ya kupita) katika kila saraka ya njiani. Ili uunde faili mpya unahitaji w (ruhusa ya kuandika) na x katika ile ya mwisho. Saraka moja ya katikati yenye 700 (ruhusa zote kwa mmiliki, hakuna kwa wengine), ikiwa ni mali ya mtumiaji mwingine, inatosha kukuzuia hata kama huko mbele kila kitu kiko wazi.

Ukikuta kinachokosekana ni w katika saraka ya mwisho, suluhisha kwa kikundi:

`sudo groupadd wavuti`
`sudo usermod -aG wavuti jina_lako`
`sudo chgrp -R wavuti /var/www/tovuti`
`sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 2775 {} +`

Usiisahau herufi a katika -aG. Ukiandika -G peke yake, unaondolewa katika vikundi vingine vyote vya nyongeza, kikiwemo kile kinachokupa sudo (uwezo wa kuendesha amri kama root, msimamizi mkuu). Ukimaliza, toka na uingie upya, kwa kuwa vikundi husomwa wakati wa kuingia. Ile 2 mbele ya 775 hufanya faili mpya zirithi kikundi cha saraka badala ya kikundi chako cha msingi. Hata hivyo haiwapi wenzako ruhusa ya kuandika: umask (mpangilio wa ruhusa zinazoondolewa faili inapoundwa) ikiwa 022, faili mpya huzaliwa na 644, yaani mmiliki pekee ndiye anayeweza kuandika. Kwa watumiaji wanaofanya kazi pamoja weka umask 002.

Kuhusu 777: inampa kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo, pamoja na programu ya wavuti ikivamiwa, uwezo wa kuongeza na kufuta faili zako. Tena inaficha chanzo cha tatizo, nawe utakutana nalo upya kwenye saraka nyingine.

Swali: Nimehamisha data kwa rsync -a (amri ya kunakili saraka nzima pamoja na ruhusa zake). Kwenye seva mpya mmiliki wa faili nyingi anaonekana kama 1003, na nyingine zina jina la mtu asiyehusika.

Jibu: Diski haihifadhi jina la mmiliki, huhifadhi namba yake. Jina unaloliona kwenye `ls -l` limetafutwa katika orodha ya watumiaji wa seva hiyo. `ls -ln` itakuonyesha namba zenyewe. Upande unaopokea ukiendeshwa na root, rsync hujaribu kulinganisha majina, na jina lisipokuwepo huiacha namba kama ilivyo. Kama namba hiyo kule tayari ni ya mtu mwingine, faili zinakuwa zake, na ruhusa za mmiliki anazo kweli. Upande huo ukiendeshwa na mtumiaji wa kawaida, faili zote huwa za mtumiaji huyo, maana kumbadili mmiliki ni kazi ya root.

Kwa hiyo tengeneza watumiaji kwanza, kwa namba zile zile (`useradd -u 1003 …`), ndipo unakili. Anza na jaribio lisilobadilisha chochote:

`sudo rsync -aniAX --rsync-path="sudo rsync" /srv/data/ jina@seva2:/srv/data/`

Herufi n ndiyo inayozuia unakili halisi, na i hueleza kila badiliko: p ni ruhusa, o ni mmiliki, g ni kikundi. A hubeba ruhusa za ziada (ACL) na X sifa za ziada za faili (xattr), ambazo -a haizigusi. Mkwaju wa mwisho baada ya data ya kwanza (chanzo) una maana: bila huo utapata /srv/data/data. Ukiridhika, ondoa n.

Jambo jingine linalowakwamisha wengi ni kwamba `sudo rsync` hutumia funguo za ssh za root, si zako. Ongeza `-e "ssh -i /home/jina/.ssh/id_ed25519"`. Ili sudo ya upande wa pili isiombe nenosiri utahitaji kuiruhusu katika sudoers (faili ya kanuni za sudo). Iondoe ruhusa hiyo kazi ikiisha, kwa sababu anayeweza kuendesha rsync kama root anaweza kuandika faili yoyote ya seva.

Swali: Ufunguo wangu wa ssh uko ndani ya authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwenye seva), lakini bado naombwa nenosiri.

Jibu: Kagua ruhusa za saraka yako ya nyumbani. Kwa kawaida sshd (programu ya seva inayopokea ssh) hukataa ufunguo kama kikundi au watu wengine wanaweza kuandika katika saraka hiyo, katika .ssh au katika authorized_keys yenyewe. Wewe huambiwi sababu; imeandikwa kwenye kumbukumbu za seva (/var/log/auth.log kwa Debian hadi toleo la 11, `journalctl -u ssh` kuanzia la 12, /var/log/secure kwa Red Hat) kwa maneno "bad ownership or modes". Kwenye seva andika:

`chmod go-w ~; chmod 700 ~/.ssh; chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Hakikisha pia mmiliki ni wewe, hasa kama faili iliundwa kwa sudo.

Swali: Mimi ni root, lakini siwezi kuandika kwenye saraka iliyounganishwa kwa NFS (njia ya kutumia faili za seva nyingine kupitia mtandao).

Jibu: Ni chaguo la root_squash, ambalo kwa kawaida huwa limewashwa: seva ya NFS humgeuza root wa mashine yako kuwa nobody (mtumiaji asiye na mamlaka). Usilizime. Nakili kwa mtumiaji mwenye namba inayomiliki saraka hiyo, au fanya kazi hiyo ukiwa kwenye seva ya NFS yenyewe.