Nyigu wa funza wa mabua: usimpe jina kabla hujamwona dume wake

Vifukofuko vya Cotesia, nyigu mdogo anayekulia ndani ya funza wa mabua, niliviona kwa mara ya kwanza shambani karibu na Kilifi. Nilikuwa nimechutama, kisu mkononi, napasua bua la mahindi lililotobolewa. Ndani mlijaa kinyesi cha funza, kimelowa kama unga wa mbao ulionyeshewa. Funza mwenyewe alikuwa amelegea, na ubavuni mwake pameshikamana vishada viwili vyeupe kama pamba. Mama mwenye shamba aliinama akatazama, akaniambia, "Mwanangu, hayo ndiyo mayai yake. Yaponde."

Hayakuwa mayai. Kila kifuko kidogo cha hariri kina nyigu mmoja anayejiandaa kutoka, hafiki hata milimita 4, na chakula chake kilikuwa yule funza, kwa ndani. Wakulima wengi huviponda kwa nia njema kabisa, wakidhani wanaua adui, na mimi huumia kila nikiona. Kwa hiyo ukiona pamba nyeupe kando ya funza anayekufa, iache au uitie chupani.

Chupani ndiko kazi ya kumtambua inakoanzia. Nyigu uliyemnasa kwa wavu akiruka hakwambii alitoka kwa nani. Uliyemlea mwenyewe tayari amekupa nusu ya jibu. Kila funza mpe chupa yake, kipande cha bua kibichi unachokibadilisha baada ya siku mbili, na kitambaa chepesi mdomoni. Tangu mama nyigu atage hadi watoto watoboe ngozi ya funza ni kama wiki mbili, kisha hukaa kwenye vifuko siku 5 au 6.

Wakishatoka, usitupe vifuko vitupu. Viangalie kwa kioo cha kukuzia. Cotesia hukata kifuniko cha mviringo, safi, kama mtu aliyefungua kopo. Ukikuta tundu lililotafunwa ovyo ubavuni, huenda aliyetoka ni mdudu mwingine kabisa, kimelea cha kimelea, aliyemla Cotesia humo humo. Nimeona watu wakimwandika huyo kama adui wa funza, kumbe ni adui wa rafiki yetu.

Chini ya hadubini, anza na bawa la mbele. Familia mbili za nyigu vimelea hufanana: Ichneumonidae wana mshipa mmoja ambao Braconidae karibu wote hawana, na kwa mshipa huo unajua uko familia gani. Kisha hesabu vipingili vya papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Microgastrinae, tawi moja la Braconidae, wote wana 18, na Cotesia ni mmoja wao. Ukisoma ripoti za zamani utamkuta mmoja wao, Cotesia flavipes, akiitwa Apanteles flavipes, usibabaike. Mwaka 1981 mtaalamu wa nyigu, Mason, aliligawa jenasi hilo kubwa la Apanteles, yaani kundi la spishi zenye undugu, na Cotesia, jina alilolitoa Cameron mwaka 1891, likarudi kazini.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu uko kwenye spishi, na hapo ndipo nilipopoteza kazi ya msimu mzima.

Katika Microgastrinae wengi jike ndiye anayetambulika kwa urahisi zaidi, kwa sababu ya mwiba wake wa kutagia mayai. Nami nikashika hilo kama sheria. Nilihifadhi majike kwa uangalifu, madume nikayamwaga. Baadaye nikafahamu kwamba Cotesia flavipes na Cotesia sesamiae wanafanana mno, na umbo linalowatenganisha vizuri liko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Nilibaki na chupa zilizojaa majike ambayo sikuweza kuandika zaidi ya "Cotesia, kundi la flavipes". Kwa hiyo hifadhi wote. Dume utamjua kwa papasi ndefu, karibu sawa na mwili wake, ilhali za jike ni fupi. Madume kwa kawaida huwa wachache kwenye kishada, ndiyo maana hata mmoja ana thamani.

Jiulize pia funza ni yupi, na bua limetoka wapi. Funza Chilo partellus ni mgeni kutoka Asia, aliyeripotiwa Malawi miaka ya 1930. Kumdhibiti, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilimleta Cotesia flavipes kutoka Pakistani na kumwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993. Cotesia sesamiae yeye ni mwenyeji wa Afrika. Sasa flavipes akitaga ndani ya Busseola fusca, funza wa nyanda za juu, chembe za damu ya funza huyazingira mayai hadi yakafa. Basi vishada vilivyotoka kwa Busseola vikufanye umfikirie sesamiae kwanza.

Ila sesamiae naye si mmoja. Wale wa Kitale, nyanda za juu za Kenya, hukua vizuri ndani ya Busseola. Wale wa pwani mayai yao huzingirwa vilevile, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Na mwaka 2017 kundi lililokuwa likihesabiwa kama sesamiae, linaloishi kwa funza Sesamia nonagrioides kwenye majani ya kinamasi ya Typha, lilitambuliwa rasmi kuwa spishi nyingine, Cotesia typhae. Mambo kama hayo huamuliwa na DNA pamoja na umbo. Ndiyo maana nakusihi uweke baadhi ya nyigu kwenye alkoholi ya asilimia 95 au zaidi, penye baridi, hata kama leo huna maabara. Na lebo iandike kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka humo: mahali, tarehe, mmea, funza, namba ya chupa. Yule funza naye mhifadhi, hata akiwa ngozi tupu.

Siku ile Kilifi nilichukua kishada kimoja tu. Kingine nilikirudisha ndani ya bua, nikalifunga kwa ganda la hindi, na kumwomba mama asiling'oe hadi wiki ipite. Alicheka, lakini aliliacha.