Ukitaka Kumchora Nyota wa Jukwaani, Anza na Nguo

Picha niliyomchora Papa Wemba, mwimbaji wa Kongo, imepata mwenyewe wiki hii, kwa bei niliyoitaja mimi, bila kupunguza hata shilingi. Tangu niiweke mtandaoni meseji ni zile zile: kaka, umefanyaje mpaka akatoka vile? Haya, kaeni niwaambie.

Kwanza mjue hii ndiyo ile iliyokataliwa kwenye maonyesho fulani hapa Dar. Mhusika aliitupia jicho mara moja akasema, "Umechora koti, sura iko wapi?" Mbele za watu. Sijasahau.

Sura ipo, bwana. Lakini huyu ni Papa Wemba! Alikuwa mmoja wa waimbaji wa mwanzo wa Zaiko Langa Langa, bendi iliyozaliwa Kinshasa mwaka 1969, kisha akaunda Viva la Musica yake mwaka 1977. Vijana wa Sape, wale Wakongo wanaojivunia kuvaa kifahari, walimfuata kwa mavazi kama walivyomfuata kwa sauti. Mvue koti, mvalishe fulana, umebaki na mzee yeyote wa mtaani. Kwa msanii wa aina hii, nguo ni sehemu ya uso.

Kwa hiyo anza na nguo. Mimi nilimvika satini nyekundu, na satini haidanganyiki. Penye mwanga mkunjo unakaribia waridi, penye kivuli ni zambarau iliyokolea, na nyekundu yenyewe inakaa katikati, tena kidogo tu. Ukipaka nyekundu kila mahali umepaka ukuta.

Ngozi nayo. Wengi mnachukua kahawia mnaitia nyeusi, uso unatoka na masizi. Kopo la nyeusi sikulifungua kabisa. Nilichanganya bluu iliyokolea na kahawia nyekundu, shavuni taa inapopiga nikagusa chungwa. Mdomo nikauacha wazi na mshipa wa shingo umesimama, maana sauti ile ya juu haitoki kwa mtu aliyetulia.

Tangu aanguke jukwaani na kufariki Abidjan, Aprili 2016, wachoraji wengi humchora kwa huzuni, mara mawingu, mara mabawa. Nimekataa. Mtu aliishi kwa mbwembwe, mchore na mbwembwe zake.

Na vijana, acheni kukopi picha moja ya kwenye simu! Tazameni video, simamisha, chora haraka kwa penseli, endelea. Tazama anavyotembea. Tazama koti linavyomfuata. Nguo, nguo, nguo. Kipaji bila kutazama ni kelele tu, na siku hizi kelele zimezidi.

Sasa namchora Khadija Kopa, mwimbaji wa taarabu, Malkia wa Mipasho, na dhahabu zote shingoni. Rangi ya dhahabu ya kopo siigusi, inakauka ikiwa imekufa. Njano, kahawia, halafu nukta ya nyeupe pale taa inapochoma.