Rudisha majibu kwa waliokupa

Wiki jana msomaji mmoja anayesomea shahada ya uzamili hapa Nairobi aliniandikia: "Dada, nimemaliza kukusanya data kuhusu afya ya akili ya akina mama. Nifanyeje utafiti wangu usiishie kabatini?" Najua wengi wenu mna kiu hiyo hiyo, kwa hivyo namjibu hapa hadharani.

Rudi mtaani. Rudi kabla hujapanda ndege kwenda kwenye kongamano.

Nilianza kama mkusanyaji data huko Kawangware. Mama mmoja fundi wa nguo alinijibu huku anashona, mguu haubanduki kwenye cherehani. Tulipofika swali la mwisho, lile la kama umewahi kuwaza afadhali ufe, mguu ulisimama. Akajibu ndiyo. Tulipomaliza kumwelekeza kliniki, akauliza, "Na nyinyi mtarudi kutuambia mlichopata?" Nikamwahidi, maana fomu ya ridhaa ilisema hivyo.

Miaka hiyo kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilikuwa bado kinamfanya aliyejaribu kujiua mhalifu. Mahakama Kuu ilikibatilisha Januari 2025, baada ya Tume ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa akili kwenda kortini. Mtu aliyekufungulia moyo kukiwa na hofu kama hiyo unamdai nini tena? Wewe ndiye unayedaiwa.

Mradi ulipokwisha, mkubwa wetu alilifuta fungu la kurudisha matokeo. Alisema wale watu hawataelewa takwimu. Maneno hayo yananichoma hadi leo. Mama anayejua faida yake kwa kila kitambaa ashindwe na asilimia?

Nilipopata mradi wangu mwenyewe, tulirudi, na nasema kwa fahari. Mwezi uliopita tulikaa ukumbini na vizibo vya soda mezani: vizibo kumi viliwakilisha akina mama kumi, na tukavigeuza chini vya wale waliosema hawalali kwa mawazo. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mzee wa mtaa mwenyewe ndiye aliyeuliza kwa nini kituo cha afya hakina siku ya ushauri nasaha. Muuguzi wa kituo alikuwa ameketi pale pale, ikabidi amjibu mbele ya watu.

Sasa sikiliza. Anza na wahudumu wa afya ya jamii, maana wao ndio wanaobishiwa mlango saa nne usiku. Na uwezo wanao: utafiti uliochapishwa 2017 ulifuata wanawake 421 viungani mwa Nairobi, wengi wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wasio wataalamu waliofunzwa kutoa vikao vitano vya ushauri wa Shirika la Afya Duniani waliwapunguzia dhiki kuliko huduma ya kawaida. Ita mkutano Jumapili baada ya ibada, lipa nauli, chai iwepo. Mwalike mwenye mamlaka ya kubadilisha kitu, aketi mbele. Usitaje jina la yeyote aliyejibu, wala kisa kinachoweza kumtambulisha.

Na fungu hilo liingie kwenye bajeti kabla hujaomba kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Mkubwa wako akitaka kulifuta, mwombe aandike sababu na atie sahihi.