Kabla ya kununua mashine ya kuchimba bitcoin, piga hesabu ya LUKU

Mwishoni mwa mwaka 2021 nilinunua mashine ya mtumba ya kuchimba bitcoin (sarafu ya kidijitali), Antminer S9, nikaifunga stoo nyumbani kwangu Dar es Salaam, na kwa wiki nzima nikajiona nimewahi kuliko wenzangu. Vijana wanaotaka kufuata njia hiyo bado huniuliza bei ya mashine, ilhali jambo la kuulizwa kwanza ni bei ya uniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Mashine ile hula takriban wati 1,350, sawa na pasi, ila hakuna anayepiga pasi saa 24. Kazi yake ni kubahatisha namba mfululizo ikishindana na mashine nyingine duniani kote, na inayopatia hulipwa bitcoin, kwa hiyo kila saa inapozimwa ni saa isiyo na mapato. Kwa siku hiyo ni zaidi ya uniti 32, na kwa mwezi karibu 970. Nyumba yangu ilikuwa katika tarifu ya wateja wadogo, wanaolipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na mashine ilizimaliza ndani ya siku tatu. Baada ya hapo uniti moja ilinigharimu shilingi 350 kabla ya kodi, yaani zaidi ya shilingi 11,000 kwa siku. Bei ya bitcoin ilipoporomoka mwaka 2022, nikatambua kwamba nilikuwa nanunua sarafu hiyo kupitia LUKU kwa bei kubwa kuliko ya sokoni. Soketi nayo iliungua, kwa kuwa fundi aliyeifunga hakuwazia mzigo usiopumzika.

Wala usitegemee kwamba mambo yatatulia. Ugumu wa kuchimba, yaani wa kuipatia namba, hurekebishwa kila baada ya bloku (mafungu ya miamala) 2,016, takriban wiki mbili, na wachimbaji wakiongezeka fungu lako hupungua ingawa umeme unaotumia ni uleule. Aprili 2024 zawadi ya anayepatia bloku ilishuka kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125.

Wanaofaulu katika kazi hii kwa kweli ni wafanyabiashara wa umeme. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, mashine ziliwekwa kando ya mtambo wa umeme wa maji wa Luviro ili zitumie umeme ambao ulikuwa bado haujapata wateja vijijini. Huko Texas, Agosti 2023, kampuni ya uchimbaji ya Riot ilipata nafuu ya umeme ya dola milioni 31.7, hasa kwa kupunguza matumizi wakati wa joto kali gridi ilipoelemewa, kiasi kilichozidi thamani ya bitcoin ilizochimba mwezi huo. Mchimbaji wa namna hiyo anaweza kuifaa gridi kwa sababu huzima anapoambiwa. Wewe mwenye LUKU hakuna atakayekulipa uzime. Ukifika mgao wa umeme unazimiwa tu, na jioni unapoendelea kuchimba unaongeza mzigo saa ambazo mtaa mzima umewasha taa na majiko.

Ikiwa bado unaitaka mashine, tafuta wati inazotumia kwenye maelezo ya kiwanda, zidisha kwa 24, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa bei ya uniti unayolipa baada ya kuvuka 75. Linganisha jibu na mapato ya siku ya mashine hiyohiyo kwa ugumu wa wiki hii, usitumie ya mwaka ambao muuzaji anausifia.